Rufaida wa Madina na binti wa Makambako: Uuguzi ni wito au mshahara?

Msafiri wa basi atokaye Dar es Salaam kwenda Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya pale Makambako. Mji ule ni njia panda hasa. Malori ya Tunduma yanapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na mabasi ya kusini yanakata kushoto kuelekea Njombe, mwendo wa kilometa zipatazo 60 za vilima, misitu ya mbao na baridi inayomfanya mtu wa Pwani ajute kuacha koti nyumbani.

Nilikuwa ndani ya basi moja la njia hiyo. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye duka pale Makambako, Mwislamu, na kando yake binti yake aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Walikuwa wakienda Njombe kukamilisha mahitaji ya chuo. Basi halijafika mbali, mzee akalalamika kwa sauti kwamba binti amechagua kazi hiyo kwa sababu amesikia ina ajira. Hakuwa na la kusema juu ya huruma wala juu ya kuwasaidia watu. Ni ajira tu.

Basi zima likawa baraza. Mama mmoja akasema manesi wa namna hiyo, waliofuata mshahara, ndio wanaowatukana wajawazito leba. Kijana mmoja wa nyuma akamjibu kwamba wito haulipi kodi ya nyumba wala haununui unga, na kwamba asiyelipwa vizuri hawezi kucheka na mgonjwa saa tisa za usiku. Binti mwenyewe alinyamaza, akitazama nje dirishani. Ndipo mzee, kwa kuona kofia yangu, akanigeukia na kuniita ustadhi, akataka kujua dini inasemaje. Je, halali mtu kufanya biashara ya maumivu ya wenzake?

Nilimjibu maneno mawili matatu ya juu juu, na basi likafika. Makala haya ni deni langu kwa mzee yule, na zaidi kwa binti yake. Njia nzuri ya kulilipa ni kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyeishi Madina zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

SWALI LENYEWE SI DOGO

Kabla ya kwenda Madina, msomaji wa mjini afahamu kwa nini swali hili lina uzito mkubwa katika mkoa ule. Njombe, iliyotengwa na Iringa na kuwa mkoa kamili mwaka 2012, imekuwa ikiongoza mikoa ya Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika tafiti za kitaifa. Utafiti wa mwaka 2011-12 ulionesha asilimia 14.8 ya watu wazima. Ule wa 2016-17 ulionesha asilimia 11.4, na ule wa 2022-23 asilimia 12.7. Kwa lugha nyepesi, katika kila watu wazima wanane mmoja anaishi na virusi.

Nyuma ya kila tarakimu hiyo yuko muuguzi. Ndiye anayetoa majibu ya kipimo, ndiye anayemfundisha mama namna ya kumlinda mtoto asiambukizwe, na ndiye anayeijua siri ya jirani yake na kuinyamazia anapokutana naye sokoni. Mshahara unaweza kumleta mtu kazini saa moja na nusu asubuhi, lakini sijui kama upo mshahara unaoweza kumnunulia mtu ulimi wa kutunza siri. Na wakati huo huo, huyo mtunza siri naye anakula, anavaa, anasomesha na anatumiwa ujumbe na wazazi kijijini kila mwezi.

Katika nyanda zile, watu wengi waliujua uuguzi kupitia hospitali za misheni. Ilembula ni ya Walutheri, na Ikonda kule Makete ni ya Wakonsolata. Kazi yao inaonekana na Waislamu wengi wametibiwa humo, hivyo uadilifu unatutaka tukiri wema huo. Lakini matokeo yake ni kwamba neno wito limezoeleka kana kwamba ni la kanisani, na baadhi ya wazazi wa Kiislamu wanadhani uuguzi ni kazi ya kuazima. Wasiojua sira hawawezi kulaumiwa. Tuifungue sira.

RUFAIDA NI NANI?

Rufaida (r.a.) alikuwa mwanamke wa kabila la Aslam, lililokuwa likiishi pande za Madina. Vitabu vya sira na vya maisha ya Maswahaba vinamtaja kwa jambo moja kubwa: alikuwa na hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na humo akiwatibu majeruhi. Ibn Is'haq, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa sira, anaeleza kwamba alikuwa amejitolea kuwahudumia Waislamu waliopatwa na madhara, akitaraji malipo kwa Allah (s.w.).

Hebu tulizingatie jambo hilo la hema. Msikiti wa Madina haukuwa jengo la fahari. Ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Mahali hapo paliposaliwa, paliposomwa Qur'an na palipopokelewa wajumbe wa makabila, palitengwa pia nafasi ya mgonjwa kulala. Muuguzi hakuwekwa pembezoni mwa mji. Aliwekwa katikati ya jamii, karibu kabisa na kiongozi wake.

Wala Rufaida hakuwa peke yake. Ummu Atiyya (r.a.) alitoka na Mtume (s.a.w.) katika vita saba, akiwapikia askari, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) na wenzake walikuwa wakiwapa maji askari, wakiwahudumia majeruhi na kuwarejesha Madina. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (s.a.w.) alipojeruhiwa usoni, ni binti yake Fatma (r.a.) aliyeosha jeraha huku mumewe Ali (r.a.) akimimina maji kwa ngao. Damu ilipozidi kutoka, Fatma alichoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake juu ya jeraha, na damu ikakatika. Mzee yule wa Makambako, aliyeogopa binti yake kushika damu ya watu, angefaa kuijua habari hii.

MGONJWA MASHUHURI KULIKO WOTE

Mgonjwa wa Rufaida anayejulikana zaidi ni Saad bin Mu'adh (r.a.), mkuu wa kabila la Aus. Ilikuwa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627). Maquraishi na washirika wao, jeshi ambalo sira inalitaja kufikia watu 10,000, waliuzingira mji wa Madina. Waislamu, kwa ushauri wa Salman Mfursi (r.a.), walichimba handaki. Mapigano ya ana kwa ana yalikuwa machache, lakini mishale ilivuka handaki, na mmoja ukampata Saad mkononi na kuukata mshipa mkubwa.

Mtume (s.a.w.) aliamuru Saad awekwe katika hema la msikitini, chini ya uangalizi wa Rufaida, ili apate kumtembelea kwa karibu. Na alimtembelea kweli. Imepokewa kwamba kila alipopita jioni alimuuliza Saad ameshindaje, na kila alipopita asubuhi alimuuliza ameamkaje. Mji ulikuwa umetoka katika kuzingirwa na mambo ya dola yalikuwa mengi, lakini kiongozi wa umma alipata nafasi ya kupita wodini mara mbili kwa siku.

Saad alitolewa mara moja hemani, akapandishwa juu ya punda kwenda kutoa hukumu katika shauri la Banu Quraydha, kisha akarudishwa. Baada ya hapo jeraha lake lilipasuka. Watu wa Banu Ghifar, waliokuwa na hema jirani msikitini humo, walishtuka kuona damu ikitiririka kuja upande wao. Walipokwenda kutazama, walimkuta Saad akitokwa damu, na akafariki kwa jeraha hilo. Alikuwa bado hajafika miaka 40.

Ndugu msomaji, tusipite hapa haraka. Huyu ndiye mgonjwa aliyemfanya Rufaida atajwe katika vitabu, na mgonjwa huyo hakupona. Muuguzi aliyefuata sifa angeona kwamba kazi yake imeharibika mbele ya Mtume (s.a.w.) na mbele ya kabila zima la Aus. Lakini hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyeling'oa hema lake kwa hasira. Muuguzi hana mkataba wa kumponya mtu, kwani uponyaji uko kwa Allah (s.w.). Mkataba wake ni kuwapo, kuosha, kufunga, kumnywesha mgonjwa na kutomkimbia. Wauguzi wa leo wanaozika wagonjwa waliowahudumia kwa miezi wanaijua hali hiyo kuliko mwandishi yeyote.

KHAIBAR: HAPA NDIPO LILIPO JIBU

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 7 Hijria (628), Mtume (s.a.w.) aliongoza jeshi kwenda Khaibar, ngome zilizokuwa kaskazini ya Madina. Kundi la wanawake lilitoka pamoja na jeshi kwa ajili ya kuhudumia majeruhi, na wanawake wa Aslam walikuwamo. Khaibar ilifunguliwa, na ngawira zikagawiwa.

Ibn Saad, mwandishi mashuhuri wa tabaka za Maswahaba, anamtaja muuguzi wa Kiaslam aliyekuwa na hema msikitini na aliyemtibu Saad bin Mu'adh kwa jina la Ku'aiba bint Saad, na anaeleza kwamba alihudhuria Khaibar na Mtume (s.a.w.) akampa fungu la mwanamume mmoja, yaani fungu la mpiganaji. Wapo wanazuoni waliosema Ku'aiba na Rufaida ni mtu mmoja, na wapo waliosema ni wawili. Vyovyote iwavyo, ni mwanamke wa Aslam, kazi yake ni kutibu majeruhi, na alirudi Khaibar na fungu lake mkononi.

Ni kweli kwamba mafaqihi wamehitilafiana juu ya kiwango. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba wanawake waliowatibu majeruhi walipewa zawadi katika ngawira, ila hawakuwekewa fungu maalumu kama la askari. Wengi wameshika kauli hiyo. Lakini angalia vizuri mahali penyewe pa hitilafu. Wamehitilafiana ni kiasi gani apewe. Sijaona aliyesema asipewe kitu kwa kuwa amekwisha kutaraji malipo ya Akhera.

Basi swali la wito au mshahara, kama lilivyoulizwa ndani ya basi lile, limeulizwa vibaya. Limewaweka upande mmoja wenye huruma na upande wa pili wenye njaa, kana kwamba mtu hawezi kuwa na vyote viwili. Rufaida yule yule aliyetajwa kuwa alitaraji kwa Allah ndiye mwakilishi wa wanawake waliorudi Khaibar na haki yao. Nia ni yake yeye na Mola wake. Malipo ni wajibu wa jamii iliyohudumiwa. Nia njema ya mfanyakazi haiifutii jamii deni lake.

Lipo tukio jingine mashuhuri. Maswahaba waliokuwa safarini walinyimwa ukarimu na watu wa kijiji fulani. Mkuu wa kijiji akaumwa na mdudu, na watu wake wakaja kuomba tiba. Mmoja wa Maswahaba alikubali kumsomea, lakini kwa sharti la kupewa kundi la mbuzi. Mgonjwa akapona kwa kusomewa Suratul Fatiha, na mbuzi wakatolewa. Wenyewe wakaingiwa na wasiwasi, wakaenda kumuuliza Mtume (s.a.w.). Hakuwakemea. Aliwaruhusu wagawane, na akataka naye apewe fungu, ili wasibaki na shaka moyoni. Kama kisomo cha tiba kilipokewa ujira, vipi kuhusu anayekesha wodini usiku kucha?

TUMTAZAME NA BIBI MWENYE TAA

Dunia nzima huadhimisha Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Huyu Mwingereza anastahili heshima yake. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, alikwenda na wanawake 38 katika hospitali ya jeshi huko Üsküdar, ng'ambo ya pili ya Istanbul, katika kambi waliyopewa Waingereza na dola ya Kiislamu ya Uthmaniya. Alikuta uchafu na vifo, akaanzisha usafi na hesabu za wagonjwa. Mwaka 1860 fedha zilizochangwa kwa jina lake zilianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Alifariki mwaka 1910.

Lakini wanaomtaja kama mfano wa wito usiojali fedha huwa wanasahau jambo moja. Alizaliwa katika familia tajiri, na baba yake alimpa pauni 500 kila mwaka. Kwa hiyo aliweza kushika uongozi wa hospitali ndogo mjini London, mwaka 1853, bila kudai mshahara. Wito wake ulikuwa wa kweli, ila baba ndiye aliyekuwa akiulipia. Na baadhi ya wauguzi aliowachukua kwenda vitani hawakwenda bure, walilipwa. Binti wa mwenye duka Makambako hana pauni 500 kwa mwaka. Kumtaka aache kufikiria mshahara ni kumtaka awe na baba mwingine.

Waislamu waliokuja baada ya Maswahaba walilifahamu jambo hili. Walipojenga hospitali kubwa, kama ile ya Nuruddin huko Damascus mwaka 1154 na ile ya Sultani Qalawun huko Cairo mwaka 1284, waliziwekea wakfu. Maduka, mashamba na nyumba za kupangisha ziliwekwa milele ili mapato yake yalipe dawa, chakula cha wagonjwa, na ujira wa matabibu na wahudumu, wanaume kwa wanawake. Mgonjwa alitibiwa kwa sadaka ya mtu, lakini mhudumu hakuambiwa ale sadaka ya maneno.

BINTI, BABA NA SISI

Kwa binti yule, ninayeamini sasa amevaa sare nyeupe, hakuna aibu kuwa ulivutwa na ajira. Kutafuta riziki ya halali nayo ni ibada. Lakini fahamu kwamba ajira itakufikisha mlangoni mwa wodi tu. Ukifika ndani utakuta mama anayelia kwa uchungu, mzee anayenuka kidonda, na kijana aliyepokea majibu asiyoyataka. Hapo ndipo utakapotakiwa kuwa na nia, na kama hukuja nayo, itafute hapo hapo kabla zamu haijaisha. Wapo walioanza na tamaa ya mshahara wakaishia kuwa rehema kwa watu, na wapo walioanza na wito wakaishia kuwapiga wagonjwa makofi. Muuguzi anayemtukana mjamzito hana udhuru wa mshahara mdogo, maana yule mjamzito si aliyeupanga.

Kwa mzee, mshike mkono binti yako. Hofu yako juu ya zamu za usiku, mavazi na michanganyiko ni hofu ya mzazi na haidharauliwi. Lakini jiulize mkeo alizalishwa na nani, na ungependa azalishwe na nani. Sote tunataka wake zetu wahudumiwe na mwanamke mwenye haya na dini, ila kila mmoja anataka mwanamke huyo awe binti wa jirani.

Na kwa sisi tulio mijini, wenye kamati za misikiti na harambee za mapazia na mazulia, tumeng'ang'ania kuuliza wauguzi wana wito gani bila kujiuliza tumewasimamishia hema gani. Chuo cha uuguzi cha Jamia Hamdard kule New Delhi kimepewa jina la Rufaida, na kule Bahrain kuna tuzo ya wanafunzi wa uuguzi yenye jina lake. Ni jambo jema. Lakini hata bila jina, msikiti mmoja wa mjini unaweza kumlipia ada binti mmoja wa Makambako kwa mwaka. Tajiri mmoja anaweza kuweka wakfu chumba kimoja cha duka, na kodi yake ikanunua glovu na sabuni za zahanati. Na imamu anaweza kupita wodini asubuhi na jioni, akamuuliza mgonjwa ameamkaje, na muuguzi naye ameshindaje.

Mtume (s.a.w.) alimpa Rufaida hema kabla ya kazi, heshima wakati wa kazi, na wenzake walipata fungu baada ya kazi. Tukitimiza hayo matatu, ndipo tutakuwa na uso wa kumuuliza muuguzi juu ya wito wake.

Allah (s.w.) awalipe wanaokesha na wagonjwa wetu, na atuwafikishe sisi kuwatimizia haki zao. Wallahu a'lam.